Naomba ushauri: bodi ya ESP32 inapotosha kina cha maji katikati ya tangi

MlinziWaTangi
Wakuu, habari zenu. Ninatumia bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) kupima maji katika tangi lenye kina cha mita 5 na kuamuru inveta ya pampu, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya pampu kwa kufuata volti inayopewa. Sensa ni ya miliampea 4 hadi 20, nami nimeipitisha kwenye rezista ya omu 150, hivyo pini ya 34 inapata milivolti 600 tangi likiwa tupu na 3000 likijaa. Multimita inathibitisha hivyo, lakini bodi inasoma 564 na 3090. Nilitengeneza mlinganyo wa mstari kutokana na ncha hizo mbili nikauingiza kwenye programu. Sasa ncha zote ni sahihi, ila maji yakiwa mita 2.5 naonyeshwa karibu 2.3. Upande wa kutoa, pini ya 25 inapita kwenye amplifaya ya LM358 inayokuza mara 3; nikiamuru volti 5, inveta hupata 5.2, na saa nyingine 4.9. Nianzie wapi?

FundiVipimo
Ndugu, hesabu yako haina kosa; kosa ni mahali ulipoiweka ishara. Kigeuzi cha kuingiza cha chipu hiyo (kinachogeuza volti kuwa namba), kikiwekwa kwenye upunguzaji wa desibeli 11 (mpangilio wa kupokea volti kubwa zaidi), huaminika kati ya takriban milivolti 150 na 2450, na zaidi ya hapo usomaji hupinda. Ncha yako ya juu imeangukia kwenye pindo, kwa hiyo mstari umevutwa na kuharibu katikati palipokuwa pazuri. Weka rezista ya omu 100, yenye ustahimilivu wa asilimia 1, ili ishara iwe kati ya milivolti 400 na 2000, kisha ndipo urekebishe. Usinakili namba za bodi ya mwenzako, kwa sababu volti ya rejea ndani ya chipu (kipimo ambacho kigeuzi hulinganishia), ambayo kwa jina ni milivolti 1100, huweza kuwa popote kati ya 1000 na 1200.

Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na waya hasi, karibu na chipu, na uchukue wastani wa sampuli 64. Umefanya vyema kuchagua pini ya 34, kwani pini za kigeuzi cha pili cha kuingiza hazisomeki ipasavyo Wi-Fi ikiwa kazini.

MlinziWaTangi
Ahsante sana, mkuu. Nimebadilisha rezista. Kwa milivolti 500 bodi inasoma 468, na kwa 2000 inasoma 1908.

FundiVipimo
Basi gawanya 1500 kwa 1440, upate 1.0417, hicho ndicho kizidishi cha usomaji wa bodi, na nyongeza baada ya kuzidisha ni milivolti 12.5. Kabla ya kuridhika, pima nukta ya tatu ambayo haikuingia kwenye hesabu, maana mstari hupita kwenye nukta zake mbili hata ukiwa wa uongo.

Saketi_Pwani
Niongeze kuhusu upande wa kutoa. Kigeuzi cha pini ya 25, kinachogeuza namba kuwa volti, ni cha biti 8 (namba 0 hadi 255), kwa hiyo hatua moja ni kama milivolti 13, na baada ya kukuzwa mara 3 inakuwa 39. Usitafute usahihi mdogo kuliko huo. Volti kubadilika saa hadi saa kunanifanya nishuku umeme wa volti 3.3, kwa kuwa volti ya pini ya 25 huufuata, na Wi-Fi ikivuta mkondo umeme huo huweza kushuka. Imarisha chanzo kwanza. Kisha amuru namba 20 na 235, upime kwa multimita kwenye vituo vya inveta vyenyewe, si kwenye pini, ili makosa ya amplifaya yaingie ndani ya mlinganyo. Nakusihi usiupime utoaji kwa kutumia usomaji wa bodi hiyohiyo, kwa sababu makosa ya pande mbili yanaweza kufichana.

MlinziWaTangi
Nukta ya tatu: milivolti 1200 imesomwa 1143, na mlinganyo unatoa 1203, yaani tofauti ya sentimita 1 ya maji. Kesho nashughulikia chanzo cha umeme, kisha nitaleta vipimo vya inveta hapa.