Kompyuta haiwaki vizuri: nibadilishe pawa saplai, niipeleke Unguja, au ninunue nyengine?

Stesheni_Wete
Assalaam alaykum. Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Wete. Tangu usiku wa Ijumaa, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu, nikibonyeza kitufe feni inazunguka sekunde mbili, inazima, inajiwasha tena, inazima. Skrini nyeusi. Mara ya nane au ya tisa inakubali, na ikishakubali nafanya kazi mpaka jioni bila taabu. Nimewaza mambo matatu: ninunue pawa saplai mpya (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme), niipakie kwenye boti niipeleke kwa fundi Unguja, au niachane nayo nitafute mtumba mwengine. Wanafunzi wananisubiri na ripoti zao. Nishaurini.

Pwani_Mkoani
Pawa saplai hiyo. Nunua, funga, endelea na kazi. Fundi atakuweka wiki nzima.

Fundi_Mlandege
Wa alaykum salaam. Inaweza kuwa kweli, lakini usitoe pesa kabla hujapima. Dalili hizo hizo huletwa na ramu, vile vibao vya kumbukumbu vya kompyuta, na sisi tunaokaa karibu na bahari ramu zinatusumbua sana, chumvi haina huruma.
Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Toa ramu utazame meno yake ya dhahabu. Yakiwa na ukungu, yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka usikie inabana. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Halafu pima ile betri ya duara, CR2032. Ni ya volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe, ni kitu cha bei ndogo.
Baada ya hapo ndiyo uje kwenye umeme. Weka mita ya kupimia umeme kwenye DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, mguu wake mweusi kwenye waya mweusi wa pawa saplai, mwekundu kwenye waya wa njano. Inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6. Mwambie mtu abonyeze kitufe, wewe usiondoe macho kwenye mita zile sekunde mbili za mwanzo. Na tafadhali, sanduku la pawa saplai usilifungue. Kapasita za ndani, vile vidude vinavyohifadhi umeme, zinabaki na umeme wa kuumiza hata waya ukiwa nje.

Dada_wa_Chake
Kaka, mimi nilichagua hiyo njia yako ya tatu. Nilinunua mtumba, ukaenda vizuri, mwezi wa pili ukaanza yale yale, kwa sababu ukutani sikubadilisha kitu. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Ni nafuu kubwa kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini ukikatika hurudi kwa kishindo. Kompyuta yoyote utakayobaki nayo, itie UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Na ukikatika, chomoa, usirudishe mpaka umeme utulie.
Jengine: pawa saplai za mtumba baadhi zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Ikiwa kwenye 115 inaungua hapo hapo.

Stesheni_Wete
Ahsanteni sana. Ramu nimezisugua, hali ni ile ile. Betri 2.9. Waya wa njano unashuka mpaka 10.6 pale inapojaribu kuwaka. Ikishakubali unasoma 11.7.

Fundi_Mlandege
Basi Pwani alisema kweli. Kapasita zimechoka, zikishapata joto kidogo zinajikaza, ndiyo maana inakubali mara ya tisa. Lakini usikimbilie dukani. Pima sanduku lake, na uhesabu matundu ya plagi kubwa.

Stesheni_Wete
Plagi ina matundu 24. Sanduku jembamba: urefu sentimita 17 na nusu, upana 8 na nusu, kimo 6 na nusu.

Fundi_Mlandege
Hiyo ni TFX, yaani pawa saplai ya umbo jembamba. Zile pana za kawaida hazitaingia kwenye kasha lako. Kompyuta iache Wete. Fungua skrubu, toa pawa saplai peke yake, njoo nayo mkononi hapa kwangu Unguja tuilinganishe na nyengine, watti zisipungue zilizoandikwa kwenye lebo. Ya mtumba ikipatikana, tutaipima na mzigo wa umeme kabla hujaondoka.

Pwani_Mkoani
Hapo kwenye umbo mie nisingefikiria, ningekununulisha kitu kisichoingia.

Stesheni_Wete
Leo imekubali mara ya kumi na moja. Ripoti zote nimezihamishia kwenye flashi, sasa naizima. Nitapanda boti ya kwanza inshaallah.