Sauti ikishanakiliwa, tutagoma na nini?

Wenzangu mnaotia sauti filamu na matangazo hapa Nairobi, nauliza hadharani: kile kifungu kinachompa mwenye studio ruhusa ya kuitumia sauti yako kwa teknolojia yoyote, milele, tukikatae sote au kila mtu ajipangie bei yake?

Mimi nasema tukikatae, tena kwa pamoja. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani chini ya chama chao, SAG-AFTRA, waligoma siku 118. Walirudi kazini na mkataba unaosema nakala ya kidijitali ya mwigizaji haitengenezwi bila idhini yake wala bila malipo. Hawakupewa kwa huruma.

Huku kwetu kila mtu husaini peke yake, mara nyingi akiwa ameshafika mbele ya maikrofoni na kodi ya nyumba inamsubiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kujiunga. Lakini sisi ni watu wa kandarasi ya siku moja. Hiyo nusu itahesabiwa kutoka wapi? Ibara ya 41 ya Katiba inatoa haki ya kugoma, sawa, ila mgomo humuuma mwajiri anayekuhitaji kesho. Studio ikiwa na rekodi safi za sauti yangu na programu ya akili unde (AI) inayoiga sauti, kesho yangu inaihusu nini?

*Mtayarishaji, River Road:* Mkikataa, mteja ataenda kwa mashine moja kwa moja. Bajeti zetu si za Hollywood.

Ndugu, bajeti ndogo inunue matumizi madogo: tangazo hili, muda huu, basi. Na hicho Kiswahili cha mashine kimejifunzwa wapi kama si kwenye sauti za watu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, yaani za maumbile au tabia zinazomtambulisha mtu, na inamruhusu mtu kuondoa idhini yake. Hapo naona mlango.

*Msimamizi wa maudhui (mchujaji wa machapisho ya mitandaoni):* Msingoje kutambuliwa. Mei 1, 2023, sisi zaidi ya 150, tuliofanyia kampuni tofauti za kandarasi, tulikutana papa hapa Nairobi tukaamua kuunda chama.

Asante, dada. Basi aliyewahi kusaini kifungu hicho akiandike hapa neno kwa neno, bila kutaja studio, tuandike chetu cha kukijibu.