Tupeane uzoefu: jino limetoboka, uzibe, usafishe mzizi au ung'oe?

Mleta mada
Wakuu mlio kwenye fani ya meno, mnaamuaje jino la kuziba na la kung'oa? Na kwa nini vizibo vingine vinadumu miaka na vingine vinatoka mapema? Mwageni maujuzi.

Mdau wa kwanza
Anza na maumivu. Jino likishtuka kwa maji baridi au soda kisha likatulia ndani ya sekunde chache, mshipa (neva na damu ndani ya jino) bado uko hai: ziba. Likiuma lenyewe usiku, au chai ya moto ikiliamsha na maumivu yakabaki dakika kadhaa, mshipa umeshaharibika. Ukiliziba hivyo hivyo, mgonjwa atarudi shavu limevimba. Ligonge taratibu kwa mpini wa kioo cha mdomoni, piga eksirei, ndipo ushike drili.

Jino lililouma sana kisha likanyamaza ghafla halijapona, mara nyingi mshipa umekufa. Na amoksilini haiponyi mshipa uliooza. Ina kazi pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa ana homa, na hata hapo chanzo lazima kishughulikiwe.

Mdau wa pili
Kwenye kizibo cheupe cha resini adui mkubwa ni mate. Safisha uozo wote kingo za shimo. Chini kabisa karibu na mshipa, ni heri uache tabaka jembamba la uozo kuliko kuutoboa mshipa. Tenga jino kwa mpira maalumu, paka asidi ya fosforiki 37% sekunde 15, suuza, kausha kiasi, paka gundi, piga mwanga wa kuigandisha. Resini iingie kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja sekunde 20 za mwanga. Anayejaza shimo lote kwa mkupuo ili awahi foleni anaacha juu pagumu, chini pabichi.

Malizia na karatasi ya rangi ambayo mgonjwa huing'ata ili uone kizibo kimezidi wapi. Kizibo kikizidi kimo kidogo tu, jino litauma kila likitafuna, na kwa sababu ya ganzi mgonjwa kitini atakwambia "sawa tu dokta".

Mdau wa tatu
Pasipo umeme kuna njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, ambayo chimbuko lake ni hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha meno, unaziba kwa glasi ionoma (unga unaochanganywa na maji yake ukaganda). Fuata kipimo cha mtengenezaji: unga ukipungua, kizibo kinakuwa dhaifu. Kandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, na mgonjwa asile kwa saa moja. Shimo la upande mmoja hudumu vizuri. Lililo katikati ya meno mawili huvunjika zaidi.

Mdau wa nne
Mshipa ukiwa umekufa lakini jino lina kuta, safisha mizizi, yaani toa mshipa kwenye mifereji iliyo ndani ya mizizi. Kinachoangusha kazi ni mfereji uliosahaulika: gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi mifereji ni minne. Osha kwa haipokloraiti ya sodiamu (dawa ya kuua vijidudu), jaza gataperka (utomvu kama mpira wa kuziba mfereji) hadi milimita 2 au pungufu ya hapo kutoka ncha ya mzizi kwenye eksirei. Halafu gego livikwe kofia (kifuniko kigumu cha jino), maana likiachwa na kizibo tu hupasuka kirahisi. Kofia nayo inahitaji walau milimita 2 za jino zima juu ya fizi kuzunguka pande zote. Zisipokuwepo, ongelea kung'oa kabla mgonjwa hajamaliza hela zake.

Mleta mada
Na mtoto akianguka, jino la mbele likang'oka lote?

Mdau wa kwanza
Likiwa la utotoni usilirudishe, utaumiza linaloota chini yake. La ukubwani lishike sehemu ya juu, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze haraka, lirudishe tunduni, ang'ate kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye maziwa baridi, si maji, mkimbie kwa daktari ndani ya saa moja. Hufungwa na meno jirani kwa wiki mbili hivi, na kama mzizi ulishakomaa, mshipa utolewe ndani ya wiki hizo hizo.