Naomba ushauri: fonimu na alofoni, nazali ya "ngoma" niiweke wapi?

Wakuu, salamu. Naomba msaada kwa waliobobea katika isimu.

Tofauti ya jumla ya fonimu na alofoni naielewa. "Pata" na "bata" zinatofautiana kwa sauti moja tu na maana inageuka, basi /p/ na /b/ ni fonimu mbili. Alofoni ni sura za fonimu moja, zinazotegemea mazingira.

Kinachonikwamisha ni nazali, yaani sauti ambazo hewa yake hupita puani. Tamka "ndizi", kisha "ngoma". Katika "ngoma" ulimi unarudi nyuma kwenye kaakaa laini, kwa sababu ya /g/ inayofuata. Hapo ningesema ni alofoni ya /n/, na mambo yakaisha. Lakini sauti hiyohiyo ndiyo inayoanza "ng'ombe", na "ng'oa" si "ngoa"! Kwa hiyo ni fonimu kamili. Je, sauti moja inaweza kuwa fonimu hapa na alofoni pale? Au niseme kwamba mbele ya /g/ upinzani wa nazali hizi unafifia, kama mwanaisimu Trubetzkoy alivyofafanua kuhusu arkifonimu, yaani kipashio kinachobaki pale ambapo fonimu mbili hazitofautishwi tena? Mimi naegemea hili la pili, ila nataka hoja zenye nguvu.

Jingine dogo: wengi huchukulia "langue" (mfumo wa lugha) ya mwanaisimu Saussure (1916) na umilisi (ujuzi wa lugha alio nao mzungumzaji) wa mwanaisimu Chomsky (1965) kuwa kitu kimoja. Naona si sawa, maana ya kwanza ni mali ya jamii, umilisi uko akilini mwa mzungumzaji. Mnalielezaje hili kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza?