Mrejesho: ule uzi wa kupimia watoto

Mwezi wa tisa niliwauliza kumbukumbu gani ya bei nafuu itaonyesha watoto wangu 47 wa darasa la kwanza, hapa Bukavu, walivyokua. Mama mmoja alinijibu: kata uzi sawa na urefu wa mtoto, utie katika bahasha pamoja na jina aliloliandika mwenyewe.

Nikafanya hivyo, na juzi tumezifungua bahasha. Kelele! Nyuzi nyingi ziliishia kwenye paji la uso. Mtoto mmoja alitazama jina lake, herufi zimegeuka kinyumenyume, akasema: “Mwalimu, hii si miye.” Akaliandika upya chini yake, vizuri.

Wazo la kuchapa viganja vya watoto kwa rangi nililiacha. Mashati meupe na bomba kavu, hapana. Bahasha mbili ninazo bado, wenyewe walihama.