XSS kwenye plagini ya bukingi: nikishasasisha, inatosha?

Dunga_Wavuti:
Wadau, hamjambo. Nasimamia tovuti ya gesti moja hapa Kisumu, imejengwa kwa WordPress na naiendesha kwa cPanel (paneli ya kusimamia seva). Plagini (programu ya nyongeza) ya fomu ya bukingi imetangazwa kuwa na mwanya wa XSS (mtu kupenyeza msimbo wake kwenye kurasa za tovuti), ile ya kuhifadhiwa, alama 7.2 kati ya 10 za ukali, na mshambuliaji hahitaji hata akaunti. Toleo lililozibwa limetoka. Kuna bukingi kama 40 ambazo hazijafunguliwa. Nisasishe tu niendelee na kazi?

Kondele254:
Hizo 40 usiziguse kwanza. Huo ni mtego unaomngoja admini (msimamizi wa tovuti). Mtu anaandika msimbo kwenye sehemu ya jina, plagini inauhifadhi ulivyo, nawe ukifungua orodha ukiwa umeingia kama admini, kivinjari chako ndicho kinautekeleza. Ukisasisha umeziba mlango, lakini aliyekwisha ingia bado yumo ndani ya hifadhidata, hasa kama waandishi wa plagini wamesafisha upande wa kupokea tu.

Toka kwenye akaunti. Chukua nakala ya faili na ya hifadhidata, uiweke nje ya seva, maana ndiyo ushahidi. Kisha kwenye File Manager ya cPanel nenda wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini, uongeze hata "-zima" mwishoni. WordPress isipoikuta haiipakii. Fomu itapotea, kwa hivyo weka namba ya mapokezi kwenye ukurasa huo.

Sasa fungua phpMyAdmin (ya kutazama hifadhidata) uulize hivi, ukibadilisha majina yafanane na jedwali lako:

`SELECT id, jina FROM wp_bukingi WHERE jina LIKE '%<%' OR jina LIKE '%"%';`

Wengi hutafuta `<script` pekee, wakaachwa na `<img src=x onerror=...>` au `<svg onload=...>`. Tafuta alama yenyewe. Hakuna Otieno wala Wafula mwenye `<` kwenye jina lake. Rudia kwa simu, barua pepe na ujumbe.

Dunga_Wavuti:
Asante. Nimekuta rekodi mbili, zote `"><img src=x onerror=` halafu kiungo cha skripti ya kwingine. Nimezifuta na kusasisha. Lakini meneja anasema huenda alifungua moja wiki jana kwa akaunti yake ya admini.

Sekshen58_Naks:
Basi hesabu kwamba ilishatekelezwa. Kuki za kuingilia za WordPress (zinazokumbuka kuwa umeingia) zimewekwa HttpOnly, skripti haiwezi kuzisoma, na watu hujifariji na hilo bure. Haihitaji kuzisoma. Iko ndani ya kivinjari cha meneja, inaomba ukurasa wa user-new.php wa kuongeza mtumiaji, inachukua nonce iliyomo (tokeni ya kuthibitisha fomu), inatuma fomu, na admini mpya amezaliwa.

Ndiyo maana kwenye logi za seva (kumbukumbu za maombi) usiwinde IP, yaani anwani ya mtandao, ya ugenini. Ombi litatoka kwa IP ya meneja mwenyewe. Tafuta maombi ya POST (ya kutuma data) kwenda user-new.php, plugin-editor.php, theme-editor.php na update.php saa ambazo yeye hakuwa akifanya kazi hiyo. Halafu kwenye tarmino (dirisha la amri), kwa zana ya WP-CLI:

`wp user list --role=administrator --fields=ID,user_login,user_registered`
`wp core verify-checksums`
`wp plugin verify-checksums --all`
`find wp-content/uploads -name "*.php"`

Ya kwanza inaorodhesha maadmini, ya pili na ya tatu zinalinganisha faili zako na za asili, ya nne inatafuta faili za PHP kwenye folda ya vilivyopakiwa. Plagini za kulipia ambazo haziko wordpress.org hazitakaguliwa na amri ya tatu, hizo pakua upya. Maliza kwa `wp config shuffle-salts`. Hiyo inabadilisha funguo za siri za kuki na kumtoa kila mtu aliyeingia, pamoja na mgeni wako. Nywila zibadilishwe baada ya usafi, si kabla. Kwenye wp-config.php ongeza `define('DISALLOW_FILE_EDIT', true);`.

Jambo lingine: kama majina na simu za wageni zimefikiwa, mwambie mwenye gesti sasa hivi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, pale penye hatari halisi ya madhara. Wewe unayechakata kwa niaba yake unatakiwa umwambie bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana.

Fundi_Kakamega:
Nyongeza kwa wanaoandika plagini zao. Kosa huwa mstari mmoja tu, unaochapisha data bila kuigeuza kuwa maandishi ya kawaida, `echo $row->jina;`. Kinachotakiwa ni `echo esc_html( $row->jina );`, na ndani ya `value=""` ni `esc_attr()`, kwenye viungo `esc_url()`. Usitegemee sanitize_text_field pekee. Inaondoa tagi lakini inaacha alama za kunukuu, kwa hivyo `" onmouseover="...` inapita salama na kujishikiza kwenye value yako.

Dunga, jaribu hivi kwenye nakala ya majaribio: sehemu ya jina andika `"><i>Omena</i>` utume. Ukifungua orodha ukaona Omena imelala mlazo, bado kunavuja.

Dunga_Wavuti:
Imetoka na mabano yake yote, haikulala. Ila kuna admini wa tatu ambaye meneja hamjui, amesajiliwa Jumanne saa tisa usiku.

Sekshen58_Naks:
Mnakili ID na saa yake kwanza, ndipo `wp user delete ID --reassign=1`, ukihakikisha 1 ni akaunti yenu. Kisha rudia shuffle-salts, na usome logi kuanzia hiyo Jumanne kuja mbele.