Mrejesho: "nilipima", "tulipima" au "mtafiti alipima"?

Asalaam aleikum jamaa. Nilikuulizeni: kwenye tasnifu yangu ya mwani wa Paje, Zanzibar, niandike "nilipima joto la maji", "tulipima" au "mtafiti alipima"?

"Tulipima" nimeifuta yote. Baharini nilikuwa peke yangu na kipimajoto. Huyo mwenzangu angekuwa nani, kaa? "Mtafiti" nayo ilivuruga: ukurasa mmoja una watafiti wanne wengine, msomaji hajui yupi ni mimi. Msimamizi alishikilia "joto lilipimwa". Tukasikilizana: vipimo kwa kauli ya kutendwa, maamuzi yangu kwa "ni-", yaani "nilichagua", "niliacha". Mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani) nao unamruhusu mwandishi mmoja kujitaja hivyo.

Kilichonitoa jasho ni ikisiri ya Kiingereza. "Mkulima alisema kamba zake zilikatika": "a-" yetu haisemi mume wala mke, Kiingereza kinataka useme. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, basi nikajaza "she" kila mahali, hadi nikakumbuka wazee wawili wanaume niliowahoji Jambiani. Nimeweka "they", hata kwa mtu mmoja. APA imeikubali kwenye toleo la 7, la 2019. Msimamizi kaguna, kisha kasaini.